Kupambana na Panya: Ipi Njia Bora, na Ipi Njia ya Haki?

Mkulima wa Kahama au Shinyanga Vijijini aliyepanda mahindi, akaona mbegu zimefukuliwa, akalazimika kupanda mara ya pili, hahitaji kuelezwa kwamba panya ni adui. Anachohitaji ni kujua atumie silaha ipi, itamgharimu nini, na ni nani mwingine atakayeumia silaha hiyo itakapotumika. Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa njia ya sayansi. Yameandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari, hasa wale wa mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako mashamba ya mahindi, mpunga na mtama yanapakana na kambi za wachimbaji wadogo wa dhahabu. Panya hatambui mpaka baina ya shamba, ghala na machimbo.

Makisio yanayotajwa mara nyingi na watafiti ni kwamba panya huharibu asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka. Wastani huo unaficha jambo moja kubwa. Hasara haigawanywi sawasawa. Mwaka mmoja mkulima haoni dalili yoyote. Mwaka mwingine, panya wanapofumuka, karibu miche yote ya shamba huliwa katika siku chache. Familia haiishi kwa wastani. Inaishi kwa kile kilichomo ndani ya kihenge chake mwaka ule.

Panya ni akina nani?

Neno panya katika Kiswahili hufunika wanyama wengi wa aina mbalimbali. Kwa madhumuni ya makala haya inatosha kuwatambua wanne.

Wa kwanza ni panya shamba, ambaye jina lake la kisayansi ni Mastomys natalensis. Huyu ni mwenyeji wa Afrika na ndiye mharibifu mkuu wa nafaka shambani. Jike lake lina matiti mengi, hata kufikia 24. Hubeba mimba kwa muda wa siku 23 hivi, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa uzao mmoja.

Wa pili ni panya mweusi wa nyumbani, Rattus rattus, mpandaji hodari wa kuta na paa, aliyeenezwa duniani na vyombo vya baharini. Wa tatu ni panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, anayeweza kupenya katika tundu dogo kiasi cha unene wa kalamu ya risasi.

Wa nne ni panya buku. Huyu ametajwa ili tusije tukauhukumu ukoo mzima kwa makosa ya baadhi yao. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na, baadaye, vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Buku mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu nchini Kambodia. Mnyama anayeweza kufunzwa hivyo ana akili, ana woga, na anasikia maumivu. Hatuna budi kulikumbuka hilo tutakapofika kwenye suala la haki.

Kwa nini huongezeka ghafla?

Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, wamechunguza maisha ya panya shamba huko Morogoro. Waligundua kwamba kuzaliana kwake hufuata mvua. Mvua zinapoanza na majani machanga kuchipua, jike huwa tayari kuzaa. Mvua za mwisho wa mwaka zikiwa nyingi na za mapema, watoto waliozaliwa mwanzoni nao huwahi kukomaa na kuzaa kabla ya msimu kwisha, na hapo ndipo mlipuko hutokea. Mwaka 1996 watafiti hao walichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba takwimu za mvua zinaweza kutumika kutabiri miaka ya hatari. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita majira ya mvua si sawa kabisa na ya Morogoro, lakini kanuni ya kutazama mvua na majani ni ile ile.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukulie kwamba katika ekari moja wamo panya 40, nusu yao majike. Mkulima ameghadhabika, ameweka sumu, na kwa usiku mmoja ameua 30. Anahesabu mizoga na kufurahi. Lakini wamebaki 10, na kati yao 5 ni majike. Kila jike likizaa watoto 10, watapatikana 50. Hata tukisema nusu yao watakufa, watabaki 25. Baada ya mwezi mmoja na kitu, shamba lina panya 35. Na hapo hatujawahesabu wageni watakaohamia kutoka vichakani kuziba nafasi zilizoachwa wazi.

Sasa tuchukulie kwamba mkulima huyo alifanya kazi ile ile mwishoni mwa kiangazi, wakati panya ni 8 tu katika ekari. Akiondoa 6, wanabaki 2, jike moja na dume moja. Kwa hesabu ile ile, baada ya uzao mmoja watakuwa 7.

Hesabu hii ni ya kubuni, lakini funzo lake ni la kweli: wakati wa kufanya kazi una uzito mkubwa kuliko ukali wa silaha. Aliyechelewa huua wengi na kupata faida ndogo.

Mitego

Mtego wa kubana wenye springi imara, uliotegwa kandokando ya ukuta ambapo panya hupita, huua kwa haraka. Hauna sumu, haumdhuru bundi wala paka anayekula mzoga, na mkulima anaona alichokamata. Udhaifu wake ni kwamba mitego michache haitoshi shamba kubwa. Hufaa zaidi nyumbani, ghalani na katika shamba dogo, na hufaa maradufu kijiji kizima kinapotega kwa pamoja.

Mtego wa ndoo, yaani ndoo iliyofukiwa hadi mdomoni na kuwekewa chambo juu ya kitu kinachozunguka, hukamata panya wengi kwa gharama ndogo. Wengi huijaza ndoo hiyo maji. Lakini panya ni mwogeleaji mzuri, na kufa kwake majini ni kwa taratibu. Ni bora kutumia ndoo ndefu isiyo na maji, kuikagua alfajiri, na kumuua panya kwa pigo moja la uhakika bila kumshika kwa mkono mtupu.

Mtego wa gundi ndio mbaya kuliko yote. Panya hunaswa miguu, hujivuta mpaka ngozi ikachanika, na huweza kukaa hai kwa saa nyingi akiona njaa na kiu. Gundi hunasa pia mijusi na vifaranga. Katika England, sheria iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Julai 2024 inamkataza mtu asiye na leseni kuitumia. Hapa kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilitungwa mwaka 2008. Lakini hata kabla ya kuuliza sheria inasema nini, inatosha kuuliza kama kuna haja ya mateso hayo wakati mtego wa kubana upo.

Wako pia wanaomkamata panya hai na kwenda kumwachia mbali. Huruma hiyo ina kasoro. Panya wa nyumbani akiachwa porini aghalabu hufa, na akiachwa karibu na shamba la jirani, tumemhamishia mwenzetu hasara yetu.

Sumu

Sumu za panya ziko za makundi mawili makuu, na mwanafunzi wa kemia atafaidika kuzitofautisha.

Kundi la kwanza ni sumu za mara moja, na mfano wake ni zinki fosfaidi, unga wa rangi ya kijivu unaochanganywa na nafaka kwa kiasi cha asilimia 2 hivi. Ukifika tumboni hukutana na asidi na kutoa gesi ya fosfini:

Zn3P2 + 6HCl → 3ZnCl2 + 2PH3

Gesi hiyo ndiyo inayoua, mara nyingi katika muda wa saa chache. Panya hawezi kutapika, kwa hiyo hana njia ya kujiokoa. Asidi ya namna hiyo hiyo imo katika tumbo la mtoto, la mbwa na la kuku, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii mwilini. Aidha, panya aliyeonja kidogo na kuumwa bila kufa huweza kukikataa chambo hicho baadaye. Kwa hiyo sumu iliyowekwa ovyo leo huiharibu kazi ya kesho.

Kundi la pili ni sumu zinazozuia damu kuganda. Ya kwanza kuenea ilikuwa wafarini, iliyoanza kutumika kama sumu ya panya mwaka 1948. Nyingine ni bromadioloni na brodifakumu. Sumu hizi huzuia kazi ya vitamini K, ambayo mwili huihitaji ili damu igande. Panya hufa baada ya siku kadhaa kwa kutokwa damu ndani ya mwili. Kwa kuwa haumwi papo hapo, hahusishi maumivu na chakula alichokula, na hivyo huendelea kula. Dawa ya kumtibu mtu aliyeila sumu hii ipo, nayo ni vitamini K1, iwapo atafikishwa hospitali mapema.

Hata hivyo sumu hizi zina gharama mbili. Kwanza, kifo cha siku kadhaa kwa kuvuja damu si chepesi. Pili, zile kali za kizazi cha pili hukaa katika ini kwa miezi. Bundi au paka akila panya waliokula sumu, naye hujilimbikizia. Na mwaka 1958 huko Scotland waligunduliwa panya ambao wafarini haiwadhuru tena. Maumbile hayasimami kutungoja.

Lipo tatizo jingine ambalo ni kubwa kuliko hayo yote: sumu zinazouzwa mnadani na magulioni katika vifuko visivyo na maandishi. Mnunuzi hajui ni kitu gani, hajui kipimo, na daktari atakayempokea mtoto aliyeilamba hatajua atibu nini. Viuatilifu vyote nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kifuko kisicho na jina la dawa wala lebo kisiingie ndani ya nyumba, hata kikiwa cha bei nafuu namna gani.

Paka, bundi na nyoka

Bundi mmoja huweza kula panya watatu au wanne kwa usiku mmoja, sawa na zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Katika sehemu nyingi za nchi yetu ndege huyu huuawa kwa sababu ya imani za uchawi, na hivyo watu humuua mlinzi wao wa usiku. Ni vyema kumlinda. Lakini mwanasayansi hapaswi kutia chumvi. Huko Morogoro watafiti walijaribu kuwavuta ndege wawindaji mashambani kwa kuwawekea viota na miti ya kutua, na ikaonekana kwamba wawindaji peke yao hawatoshi kuzuia panya shamba kufumuka. Huzaliana upesi mno kuliko wanavyoliwa.

Kuhusu nyumbani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kutoka vijiji vya Swaziland, ambayo leo huitwa Eswatini, ulionyesha kwamba panya hupunguza kula chakula penye kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja, si penye mmoja peke yake. Panya wale walikuwa na hofu, wakaacha kutembea kwa uhuru. Hapa tunaona kwamba si lazima kuua ili kupunguza hasara.

Kumnyima panya makao na chakula

Njia zilizotangulia zinamwandama panya. Zinazofuata zinambadilishia panya mahali pa kuishi, na aghalabu ndizo zenye faida ya kudumu.

Shambani, hatari kubwa ni majuma mawili ya kwanza baada ya kupanda, wakati mbegu na miche michanga ni laini. Wakulima wanaopanda kwa wakati mmoja huigawanya hasara. Anayepanda peke yake, mapema au kwa kuchelewa, huwa meza ya panya wote wa kijiji. Utafiti wa Morogoro ulionyesha pia kwamba shamba lililolimwa kwa trekta lilikuwa na panya wachache kuliko lililofyekwa na kuchomwa moto tu, kwa sababu kulima huvuruga mashimo na kuondoa maficho. Moto hupita juu, panya yuko chini. Kwenye majaruba ya mpunga, matuta yakiwa membamba na yaliyopaliliwa, panya hakosi shida ya kuchimba.

Ghalani, kihenge kiinuliwe juu ya nguzo, kila nguzo ivishwe kinga ya bati yenye umbo la faneli iliyogeuzwa, na pasiwe na tawi au ukuta wa kurukia. Kazi hiyo hufanywa mara moja na hutumika miaka mingi.

Katika maeneo ya machimbo, kama vile Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa mkoani Geita, hali ni ngumu zaidi. Rashi ya dhahabu inapotokea, watu wengi hukusanyika kwa siku chache. Huishi katika vibanda vya maturubai, magunia ya unga na maharage yakiwa chini, na mabaki ya vyakula vya mama lishe yakitupwa nyuma ya banda. Panya hupata kila anachokitaka. Kuweka sumu mahali kama hapo, ambapo watoto, mbwa na sufuria viko pamoja, ni hatari kubwa kuliko panya wenyewe. Mapipa yenye vifuniko, vichanja vya kuwekea magunia, shimo la taka linalofukiwa kila siku, na mitego ya kubana ni vitu ambavyo kila duara lenye wachimbaji kumi linaweza kuvigharimia kwa kuchangishana.

Zaidi ya hayo, mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospira, vinavyoishi katika maji na tope na kuingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi. Mwaka 2022 ugonjwa huo, ulioitwa homa ya mgunda, ulizuka mkoani Lindi na kuua watu. Mchimbaji anayesimama katika maji ya duara au ya mwalo, akiwa na vidonda miguuni, anapaswa kulifahamu jambo hili.

Tahadhari ya tauni

Tauni hubebwa na viroboto wa panya. Mwaka 1897 ilitambuliwa na wataalamu huko Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambako wenyeji walijua tayari kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, hatari imefika. Huko Lushoto iliua watu tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa karne hii.

Hapa ipo kanuni isiyovunjwa: palipo na tauni, viroboto huuawa kwanza, panya baadaye. Panya akifa, viroboto huuacha mwili uliopoa na kutafuta damu nyingine, nayo ni ya binadamu. Kwa hiyo mtu anayewaua panya kwa pupa wakati wa tauni huenda akaiingiza tauni kitandani mwake. Mizoga mingi isiyoelezeka itolewe taarifa kituo cha afya, wala isiguswe.

Suala la haki

Watu wengine husema kwamba kuzungumzia haki za panya ni anasa ya walioshiba. Hoja hiyo haina budi kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa mwenye njaa ana haki ya kukilinda chakula chake. Hakuna anayemkataza. Swali ni kama njia aliyoichagua inakilinda kweli.

Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha kanuni saba za kudhibiti wanyama pori kwa haki. Ya kwanza ni kurekebisha kwanza mwenendo wa binadamu unaosababisha tatizo. Nyingine hudai kwamba pawepo sababu ya kutosha, lengo linaloweza kufikiwa, na mateso madogo iwezekanavyo. Ukizilinganisha na hesabu yetu ya panya 40, utaona kwamba haki na manufaa haviko mbali. Kuua panya 30 ambao baada ya mwezi watarudi 35 ni ukatili usio na faida, na ni fedha iliyotupwa.

Shinyanga ina funzo lake yenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930, Idara ya Utafiti wa Mbung'o, iliyoongozwa na Swynnerton na kuwa na makao yake Shinyanga, ilihimiza kufyeka misitu ili kumnyima mbung'o kivuli. Mbung'o alirudi nyuma. Lakini ufyekaji huo, pamoja na kilimo na mifugo iliyoongezeka baadaye, uliiacha ardhi tupu, kuni zikawa haba na udongo ukamomonyoka. Mwaka 1986 ikabidi serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuwasaidia wananchi kurudisha miti na ngitiri. Walioyafyeka mapori hawakuwa wajinga. Walipima faida ya upande mmoja tu. Anayetaka leo kuichoma ngitiri kwa sababu panya wamo ndani yake anarudia kosa lile lile. Inatosha kufyeka ukanda wazi wa mita chache baina ya ngitiri na shamba.

Kwa mtiririko huo, mwenye kukusudia kupambana na panya ajiulize maswali haya kwa utaratibu: Je, nimeondoa chakula na maficho? Je, ni wakati ambapo panya ni wachache? Je, majirani zangu watafanya kazi hii pamoja nami? Je, njia niliyoichagua inaua haraka? Ni nani mwingine atakayeifikia sumu au mtego wangu? Akikosa jibu la swali la mwisho, asiweke sumu.

Kazi ya darasa

1. Katika shamba la shule, wekeni alama kwenye mashimo 100 ya mbegu siku ya kupanda. Hesabuni yaliyofukuliwa siku ya 3, ya 7 na ya 14. Chorani grafu. Ni siku zipi zenye hasara kubwa zaidi?

2. Nyunyizeni majivu laini juu ya vipande 20 vya ubao na kuvitandaza jioni ghalani na nje yake. Asubuhi hesabuni vyenye nyayo. Rudieni baada ya kusafisha ghala na kuinua magunia. Panya wasiguswe.

3. Rudieni hesabu ya panya 40 mkichukulia kwamba wameuawa 36 badala ya 30. Je, ni baada ya vizazi vingapi watafikia tena 40?

4. Jadilini: Mama lishe mmoja katika machimbo amenunua sumu isiyo na lebo kwa sababu ni rahisi, na unga wake umekuwa ukiliwa kila usiku. Mtamshauri nini ambacho ataweza kukitekeleza kwa fedha alizonazo?